Mkaa si makaa ya mawe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie neno moja linalotuchanganya wasomaji. Habari za nje zikifika mezani kwenu kwa Kiingereza, neno "coal" leo hufasiriwa "mkaa", kesho "makaa", keshokutwa "makaa ya mawe", na mara nyingine yote matatu hutumika ndani ya habari moja. Msomaji hubaki akijiuliza: hicho kinachosemwa kilichimbwa ardhini au kilichomwa msituni? Ni vitu viwili, na kimoja kikichukua jina la mwenzake, habari nzima hugeuka kuwa nyingine.

Neno la asili ni kaa, wingi wake makaa. Kaa ni kipande cha mti kilichoshika moto kikawa chekundu bila ndimi, au kipande hichohicho baada ya kuzimika kikabaki cheusi. Neno hili ni la Kibantu, hatukuliazima kwa mtu. Kwa Kikuyu ni makara, kwa Kichewa na Kilingala ni makala. Kiswahili kiliidondosha ile l ya katikati, ndiyo maana tumebaki na a mbili zinazofuatana. Hata kugongana kwa kaa la moto na kitenzi kukaa si jambo la Kiswahili peke yake; Wachewa nao wana khala la moto na kukhala kwa maana ya kuketi. Kwa hiyo mkaa wa methali isemayo mtembea bure si sawa na mkaa bure ni mtu aliyeketi, wala hahusiani na jiko.

Kutokana na kaa tumepata mkaa, jina la bidhaa kwa ujumla wake. Kaa huhesabika kwa kipande: kaa moja, makaa mawili, makaa ishirini. Mkaa haupokei hesabu ya namna hiyo, hupimwa kwa debe, gunia au kilo. Upatanisho nao hufuata: kaa limezimika, makaa yamezimika, mkaa umekwisha. Mwandishi anayeandika "mkaa imepanda bei" au "makaa umeadimika" ameyachanganya maneno mawili kabla hata hajafika kwenye maana.

Hapa kuna tofauti ya matumizi ambayo gazeti linalosomwa pande zote haliwezi kuipuuza. Tanzania, nishati itokanayo na miti huitwa mkaa, na makaa huachiwa vipande vilivyomo jikoni. Kenya, watu wengi huiita makaa hiyo hiyo ya gunia. Hakuna aliyekosea, kila mmoja anatumia neno la Kiswahili lililo halali. Lakini mkiandika "makaa" pasipo kuongeza neno, msomaji wa Nairobi ataona gunia la mkaa, na yule wa upande wa pili huenda akadhani mmefupisha makaa ya mawe. Dawa yake ni nyepesi: cha miti kiandikwe mkaa, cha ardhini kiandikwe makaa ya mawe kwa ukamilifu wake, hata kama neno linarudiwa mara kumi. Najua nafasi ya kichwa cha habari ni finyu. Hata hivyo maneno mawili ya ziada ni nafuu kuliko habari iliyopotoka.

Makaa ya mawe yenyewe ni nini? Jina linaweza kumfanya mtu adhani ni mawe yaliyochomwa. Sivyo. Ni mimea ya kale iliyoangukia kwenye vinamasi, ikafunikwa na maji kabla ya kuoza ikaisha, kisha ikalaliwa na tope na mchanga kwa mamilioni ya miaka. Uzito na joto la chini ya ardhi viliikamua maji na gesi, kaboni ikabaki. Kipindi kimoja cha historia ya dunia, cha takriban miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita, wanajiolojia wamekipa jina la Kaboniferasi, maana yake chenye kuzaa makaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya makaa ya mawe ya Ulaya na Marekani iliwekwa wakati huo. Ya kusini na mashariki mwa Afrika mengi ni ya kipindi kilichofuata.

Shika kipande cha kila kimoja mkononi, hutahitaji tena kamusi. Mkaa ni mwepesi kuliko unavyoonekana, na ukiutia majini huelea mpaka vitundu vyake vijae maji. Ukiuvunja na kuutazama upande uliokatika utaona pete za mti, mara nyingine na gamba lake, na ulioiva vizuri ukianguka sakafuni hulia kama kigae. Makaa ya mawe huzama mara moja, kwa maana uzito wake ni mara 1.2 hadi 1.5 ya maji. Hayana pete, yana tabaka nyembamba zinazopishana, moja inang'aa kama kioo, nyingine imefifia, na huvunjika kwa kingo zilizonyooka karibu kama vijitofali. Ukibahatika, kati ya tabaka mbili utaona alama ya jani.

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili vya kutofautishia, na kila mfasiri angevishika hivyo angekosea mara chache mno. Makaa ya mawe huchimbwa. Mkaa huchomwa. Lakini hapo hapo pana mtego. Kuchoma mkaa, kwa lugha ya wenye kazi, ni kuutengeneza, na mchoma mkaa ni mtengenezaji. Anayeutumia jikoni hauchomi. Anauwasha, anaukoleza, anaupikia. Basi sentensi kama "serikali yataka wananchi wapunguze kuchoma mkaa" inawasema watu wa msituni, ilhali mwandishi huenda alikusudia wapishi. Na "mataifa makubwa yaendelea kuchoma mkaa" ni makosa mawili katika mstari mmoja: kitu si mkaa, na kitenzi kimeyafanya mataifa hayo wachoma mkaa wa matanurini. Andikeni kuwa yanaendelea kutumia makaa ya mawe, au kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe.

Nieleze kidogo huko kuchoma, kwa sababu ndiko hesabu za magazetini zinakoharibika zaidi. Mkaa hupatikana kwa kuuzuia mti usiungue. Magogo mabichi yanaweza kubeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, kwa hiyo huachwa yakauke wiki kadhaa. Yakikauka hupangwa tanuri: manene katikati, membamba juu na pembeni kuziba mapengo, kisha majani mabichi, kisha udongo. Moto huwashwa kwenye mdomo mmoja. Ukishika, mdomo huzibwa na kuachwa vitundu vidogo vya kupumulia. Kuanzia hapo moshi ndio unaosema kinachoendelea ndani. Ukiwa mzito mweupe, maji yanatoka. Ukigeuka wa manjano na kuwasha macho, mti wenyewe umeanza kuvunjika, jambo linaloanza joto likifika kama nyuzi 280 za selsiasi, na toka hapo tanuri hujiongezea joto lenyewe. Ukiwa mwembamba wa bluu, karibu usionekane, mkaa umeiva na vitundu vyote huzibwa ili upoe.

Kinachowaangusha wengi ni ufa kwenye udongo ambao haukuzibwa mapema. Hewa huingia hapo, na mkaa uliokwisha kuiva ukaungua. Mchomaji akija kufukua anakuta jivu. Wengine huzima kabla ya wakati wakapata vijinga, yaani mapande yaliyoungua nje na kubaki mti ndani, ambayo humsumbua mnunuzi kwa moshi. Na wapo wanaofukua na kufunga gunia siku hiyo hiyo. Mkaa mpya hunyonya hewa na kupata joto wenyewe, kwa hiyo hupaswa kukaa nje angalau saa 24 kabla ya kufungwa, la sivyo unaweza kuwaka ndani ya gari usiku.

Katika tanuri la udongo la kawaida, tani 10 za mti mkavu hutoa tani 1 hadi 2 za mkaa. Matanuri ya matofali yakisimamiwa vizuri hukaribia tani 3. Sasa chukua hesabu ya kituo cha umeme cha megawati 1,000. Uniti moja ya umeme ni sawa na megajuli 3.6 (megajuli ni kipimo cha nishati), na mitambo ya mvuke hugeuza kuwa umeme kama asilimia 36 tu ya joto inalopewa. Kila uniti basi huhitaji megajuli 10 za joto. Kilo moja ya makaa ya mawe mazuri ina takriban megajuli 25, kwa hiyo uniti moja hula gramu 400. Kituo kikifanya kazi kwa uwezo wake wote hutoa uniti milioni moja kila saa, na saa 24 ni uniti milioni 24, yaani tani 9,600 za makaa ya mawe kwa siku. Mfasiri akiandika kwamba kituo hicho kinatumia tani 9,600 za mkaa, amemwambia msomaji kwamba kila siku tani 48,000 hadi 96,000 za miti zinakatwa kwa ajili ya mtambo mmoja. Hakuna msitu wa kuhimili hilo, na msomaji makini ataacha kuliamini gazeti katika mengine pia.

Makaa ya mawe nayo hayako sawa yote. Laini kuliko yote ni ya rangi ya kahawia, lignaiti, yenye maji mengi. Kilo yake haina zaidi ya megajuli 20 na mara nyingi ni chini sana ya hapo. Juu yake kuna ya bitumini, meusi yenye tabaka, ndiyo yanayoendesha viwanda vingi vya umeme na vyuma. Ya juu kabisa ni anthrasaiti, ngumu, inayong'aa, yenye kaboni asilimia 86 na kuendelea, ngumu kuwasha lakini ikiwaka haina moshi. Gazeti likiandika kwamba nchi fulani imegundua tani milioni kadhaa za makaa ya mawe bila kutaja aina, halijasema kama ni utajiri au ni mzigo usiostahili gharama ya kuusafirisha. Tani moja ya anthrasaiti na tani moja ya lignaiti zina thamani tofauti kama mchele na pumba.

Koki nayo yafaa nitaje, kwa kuwa hapa wafasiri huteleza kwa njia nyingine. Ukiyapasha makaa ya mawe ya aina maalumu kufikia nyuzi 1,000 hivi pasipo hewa, gesi na lami hutoka, na kinachobaki ni kitu kigumu cha kijivu chenye vitundu, kitumikacho kuyeyushia chuma. Kwa vile mkaa wa miti husagika chini ya uzito wa mawe ya chuma, tanuru za chuma zilikuwa haziwezi kurefushwa sana, mpaka mtengenezaji chuma Abraham Darby alipofaulu kutumia kitu hicho mwaka 1709 huko Uingereza. Kwetu koki tayari ni ya bomba la maji, kwa hiyo msiliache neno peke yake: andikeni makaa ya koki.

Kuna neno la nne, na kwa hili naomba msome polepole, kwa maana linagusa uhai wa watu. Wataalamu wa lugha waliunda ukaa kutokana na kaa, wakatupa hewa ukaa kwa ile gesi ya kaboni dioksaidi inayozungumzwa kwenye habari za tabianchi. Ni neno zuri, limeshika. Tatizo huja watu wanapofia ndani ya chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa. Habari husema waliuawa na "moshi wa mkaa", au "hewa ukaa". Yote mawili si kweli. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na muuaji ni kaboni monoksaidi, gesi nyingine kabisa, isiyo na rangi wala harufu.

Tazama jiko usiku ukaone inavyozaliwa. Hewa huingia kwa chini na kukutana na makaa mekundu, ikawa kaboni dioksaidi. Hiyo hupanda kupitia makaa mengine ya moto yaliyo juu, ambapo hupokonywa sehemu ya oksijeni na kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu ikakuta hewa ya kutosha na joto, huungua kwa vile vimiali vya bluu vinavyocheza juu ya makaa. Vimiali vikikosekana, na makaa yakavaa jivu jeupe, watu hudhani hatari imekwisha na huliingiza jiko ndani lipashe chumba. Huo ndio wakati gesi inapotoka bila kuungua. Damu huishika gesi hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hiyo kiasi kidogo kinatosha. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kizunguzungu, kisha usingizi, na aliyekwisha kulala haamki kuzisikia dalili hizo.

Ndiyo maana neno "moshi" ni hatari hapa. Msomaji aliyeambiwa kwamba watu waliuawa na moshi ataangalia jiko lake, ataona halina moshi, atafunga mlango alale. Sufuria ya maji kando ya jiko haiiondoi gesi hiyo. Linaloiondoa ni hewa kuingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, au jiko kubaki nje. Andikeni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu itokayo kwenye mkaa unaowaka. Ni ndefu, lakini ina kazi.

Na asitokee wa kuyatia makaa ya mawe katika jiko la mkaa kwa sababu gazeti limeyaita mkaa. Mkaa hauna salfa ya kutajika, wakati makaa ya mawe kwa kawaida yana salfa ya nusu asilimia hadi asilimia 3, mengine zaidi, ambayo ikiungua hutoa gesi kali inayobana pumzi na kuwasha koo. Pia yana lami na gesi nyingi, hufuka moshi mzito mwanzoni, huhitaji wavu mpana wa chini wa kupitishia hewa na bomba la kutolea moshi nje ya nyumba. Jivu lake ni jingi na huziba vitundu vya jiko haraka. Hili linahusu pia vile vitofali viitwavyo mkaa mbadala. Vingine ni vumbi na chenga za mkaa zilizogandishwa kwa wanga au udongo, vingine ni pumba na vifuu, vingine ni makaa ya mawe yaliyopunguzwa moshi. Jina ni moja, moto si mmoja. Habari yoyote kuhusu bidhaa hiyo ambayo haitaji imetengenezwa kwa kitu gani imeacha jambo ambalo mnunuzi analihitaji kuliko yote.

Sisi si wa kwanza kukwama hapa. Kwa Kiingereza cha kale, neno hilo hilo lililozaa "coal" lilikuwa kaa la moto, kama letu. Walipoanza kuchimba yale ya ardhini na kuyapeleka London kwa meli, wakayaita makaa ya bahari. Baadaye yale ya kuchimbwa yakalimiliki neno lote, na yale ya miti yakalazimika kupewa jina jipya. Wajerumani wameshika njia kama yetu, wana makaa ya mawe, makaa ya mti na makaa ya kahawia, kila moja kwa jina lililounganishwa. Kigiriki kiliita kaa anthraksi, ndiko ilikotoka anthrasaiti, na ndiko lugha za Ulaya zilikopata jina la ugonjwa wa kimeta, kwa ajili ya vidonda vyake vyeusi kama kaa.

Kwa sababu hiyo, si kila "coal" ya Kiingereza ni ya mgodini. Katika misemo yao na katika maandiko ya dini neno hilo hubaki na maana yake ya kale. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilijua hilo, wakaandika makaa ya moto kichwani mwa adui, wala hawakutia mawe. Nasi tuna kujipalia makaa, kwa mtu anayejitafutia shida. Kupalia ni kuyasogeza makaa yenye moto, na hapo neno ni makaa daima; "kujipalia mkaa" haisemwi.

La mwisho ni picha. Habari ya mgodi wa makaa ya mawe huwekewa picha ya magunia yaliyofungwa kwa majani mdomoni, vipande virefu vya mviringo vikichungulia. Huo ni mkaa, na umbo la tawi bado linaonekana. Makaa ya mawe pichani huwa lundo au mkanda wa mitambo, vipande vyenye kona na kung'aa kwenye upande uliovunjika, bila umbo la tawi. Mchagua picha atazame kingo za vipande kabla ya kuandika maelezo chini yake.

Wako,
Mfasiri na msomaji wa kila siku